Maneno ya kila siku na tahajia: mwongozo kwa walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu, Unguja na Pemba

Mtoto aliyeshika silabi vizuri anaweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata asilowahi kulisikia. Anakwenda ka-ra-fu-u, pole pole, mpaka anafika. Kinachomwangusha ni mwendo: akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake keshausahau. Akishika penseli linakuja tatizo la pili. Anaandika kama masikio yake yalivyomwambia: nkono, hio, tebo, kwasababu. Kusoma kwa haraka na kuandika sawasawa vinafundishwa pamoja, kwa kadi zile zile na ndani ya dakika 15 hizo hizo za kila siku.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "kukariri". Orodha za maneno ya kusomwa kwa kutupia jicho tu zimeenea kutoka kwa walimu wa Kiingereza. Edward William Dolch wa Marekani alitoa yake ya maneno 220 mwaka 1936, na mpaka leo inatumika. Kiingereza kinazihitaji kwa sababu kina maneno kama one na said, ambayo ukiyafuata herufi kwa herufi hufiki kwenye matamshi. Kiswahili hakina shida hiyo. Mwalimu anayechukua njia ile kama ilivyo, akawakaririsha watoto sura ya neno bila kupita kwenye sauti zake, baada ya mwezi anapata watoto wanaosoma "hapa" palipoandikwa "hata" na "wali" palipoandikwa "wale". Kwetu neno husomwa kwa jicho moja baada ya kusomwa kwa silabi mara nyingi mpaka silabi zenyewe hazihitajiki tena.

Vitu viwili ndivyo vya kuharakishwa: maneno mafupi yanayojirudia kila mstari, kama na, ya, wa, kwa, ni, hii, huyu, kama, lakini, na vichwa vya vitenzi, kama ana-, wali-, tuta-, hatu-. Hivi vya pili husahauliwa sana, na ndivyo vinavyomchelewesha mtoto zaidi, kwa kuwa kitenzi chetu kinabadilika mbele huku shina limetulia nyuma.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kufundisha

Andika kwa hati ya wazi maneno haya 20 kwenye karatasi moja: na, ya, wa, kwa, ni, si, hii, huyu, hapa, sasa, leo, kama, lakini, mtu, watu, siku, nyumba, anakula, walikwenda, sijui. Mwite mtoto mmoja mmoja barazani, wengine wakiwa na kazi ya kuandika. Mwoneshe neno, uhesabu kimoyomoyo moja, mbili. Akilisoma ndani ya hesabu hiyo tia alama ya vema. Akilivunja silabi kisha akafika, tia nukta. Asipoliweza, acha wazi. Watoto 5 kwa siku wanatosha. Darasa la watoto 50 litakuchukua wiki mbili za skuli.

Siku inayofuata wasomee wote imla ya maneno matano tu: mkono, tembo, hiyo, ng'ombe, kwa sababu. Kila moja lina mtego wake, na utaujua ugonjwa wa darasa lako kabla hujatoa dawa.

Mtoto aliyeacha wazi zaidi ya nusu ya maneno asiingizwe kwenye kadi za maneno. Huyo bado ana deni la silabi, na kadi zitamfundisha kubahatisha. Mrudishe kwenye ba be bi bo bu pamoja na wenzake wa hali hiyo, dakika zile zile 15, kona nyingine ya darasa.

Hatua ya pili: chagua maneno ya wiki

Maneno 6 kwa wiki yanatosha darasa la kwanza na la pili: manne mafupi, kichwa kimoja cha kitenzi, na neno moja gumu la tahajia. Darasa la tatu wanaweza kufika 10. Ukizidisha, Ijumaa utakuta wameshika yale ya Jumatatu tu.

Usiweke wiki moja maneno yanayofanana sura. Hapa na hapo, wale na wali, hii na hiyo, baba na dada: kila jozi itenganishwe kwa wiki mbili angalau, la kwanza likae kichwani ndipo la pili liingie. Walimu wengi huyaweka pamoja kwa nia njema, ili mtoto aone tofauti. Mtoto mchanga wa kusoma haoni tofauti, anaona mkanganyo.

Hatua ya tatu: kadi

Manila ya sentimita 60 kwa 80 hutoa kadi 16 za sentimita 30 kwa 10. Ikikosekana, boksi la tambi au la sabuni lililofunguliwa linafaa, upande wa ndani usio na maandishi. Piga mstari mwembamba wa penseli sentimita 3 kutoka chini, uandike juu yake. Herufi kama a na e ziwe na kimo cha sentimita 3 na nusu, na b, k, l zifike 6. Zikiwa ndogo kuliko hapo, watoto wa nyuma watasoma kwa kumsikiliza wa mbele, na wewe utadhani wanajua.

Tumia herufi ndogo, rangi moja nyeusi. Kadi ya herufi kubwa tupu haimsaidii mtoto, maana kitabuni hatakutana na LAKINI. Picha zisiwekwe kwenye kadi ya neno. Macho yatakwenda kwenye picha.

Neno kama "kwa sababu" liandike kwenye kadi mbili. Ukizishika, acha nafasi ya vidole viwili katikati. Nafasi hiyo ni somo lenyewe.

Kadi za vichwa vya vitenzi zikate upande wa kulia kwa meno ya msumeno na uandike kistari: ana-, wana-, tuli-. Mashina nayo yakatwe meno upande wa kushoto: -soma, -pika, -cheza, -lima. Hili si pambo. Mtoto aliyeoneshwa "ana" kwenye kadi ya kawaida atakuja kuandika "ana soma", na utakuwa umemfundisha wewe. Meno yanamwambia kwamba kipande hiki hakisimami peke yake. Ile "ana" ya "ana kitabu" iwe na kadi yake nyingine, isiyo na meno.

Anza na vichwa sita vya wakati uliopo: nina-, una-, ana-, tuna-, mna-, wana-. Ukiwa na mashina 8 umepata maneno 48, na hakuna hata moja lililokaririwa zima. Kisha -li-, kisha -ta-, na ukanushaji uwe wa mwisho. Kwenye nina- na nita- sema wazi: tunaongea "nakula" na "ntakuja", lakini daftarini tunaandika ninakula na nitakuja.

Hatua ya nne: kufundisha neno moja

Neno lipewe dakika mbili hadi tatu. Tuchukue ng'ombe, maana ndilo lenye kazi.

Litamke ndani ya sentensi kabla watoto hawajaliona: Ng'ombe wa babu yuko kondeni. Wapige makofi kwa silabi: ng'o-mbe, makofi mawili. Sasa uliza sauti ya kwanza tu. Wengi watasema "nge" au "go". Waambie waanze kulitamka wakwame pale mwanzo, wavute sauti puani bila kuiachia. Kwenye ng'ombe hakuna g inayopasuka wakiachia. Kwenye ngoma ipo. Warudie ng'ombe, ngoma, ng'ombe, ngoma, mikono ikiwa shingoni, mpaka waisikie wenyewe.

Hapo ndipo unapoonesha kadi. Pitisha kidole chini ya herufi huku wakitamka. Ubaoni liandike neno kwa chaki nyeupe na kile kialama cha ng' kwa chaki ya rangi. Waambie kialama ndicho kinachoizuia g isipasuke. Kikianguka, neno limeharibika. Funika. Waandike kwenye vibao au nyuma ya daftari. Funua, kila mtu alinganishe lake. Mwisho inua kadi kwa hesabu ya mbili, ishushe, nao waseme. Rudia mara tatu katikati ya maneno mengine.

Neno rahisi kama "leo" halihitaji yote haya. Lipige makofi, lioneshe, liandikwe mara moja, endelea.

Hatua ya tano: imla

Imla ya kuwapima watoto maneno ambayo hawakufundishwa ni adhabu. Imla ya kufundisha inatumia maneno ya wiki hiyo, ndani ya sentensi tatu fupi, kwa mfano: Karafuu zimeanikwa juu ya jamvi. Huyu ni mtu wa Mkoani. Mama hakwenda kondeni kwa sababu mvua imenyesha.

Soma sentensi nzima kwa mwendo wa kawaida. Soma tena kwa vipande vya maneno mawili matatu, wakiandika. Soma mara ya mwisho, wakihakiki. Usivute maneno. Mwalimu anayetamka "mu-u-tu" ili asikike vizuri ataandikiwa "mutu", na kosa litakuwa lake.

Watoto wasahihishe wenyewe kutoka ubaoni, kwa penseli ya rangi au kalamu ya wino. Usifute neno zima kwa kosa la herufi moja. Aliyeandika "tebo" amepatia te na bo. Kinachokosekana ni m moja. Mwekee mstari pale pale palipopungua, aliandike neno upya mara mbili kwa usahihi. Kulirudia mara 20 hakuna faida, kwani kuanzia mara ya tano mkono unakwenda peke yake na akili imeshatoka nje kucheza.

Makosa yanayojirudia, na chanzo chake

Kuanguka kwa m na n mbele ya konsonanti ndilo kosa la kwanza kwa wadogo: tebo, padisha, nyuba. Sauti hizo ni fupi na hupita puani. Mwambie mtoto aweke kidole ubavuni mwa pua aseme te-mbo. Atahisi mtetemo kabla ya b. Mtetemo huo unataka herufi yake.

Nkono, nti, ntu. Hili utalikuta sana Pemba na Tumbatu. Mtoto hakukosea kusikia, ameandika Kiswahili cha kwao kama kilivyo. Usimcheke wala usimwambie kwao wanasema vibaya, maana atanyamaza darasani mwaka mzima. Mpe kipimo: weka neno kwenye wingi. Mikono, miti, watu. Wingi ukianza kwa mi- au wa-, umoja unaandikwa kwa m. Nchi na nge wingi wake haubadiliki, basi n yake inabaki.

Hio, tiya, chukuwa, ondowa. Hapa sikio haliwezi kuamua. Ulimi ukitoka kwenye i kwenda a hupita penye y, na midomo ikitoka kwenye u kwenda a hupita penye w, upende usipende. Kwa hiyo imla peke yake haiponyeshi. Kwa vitenzi ipo njia inayofaa kuanzia darasa la tatu: kitie kitenzi "-li-" au "-le-" ya kumfanyia mtu. Fungua, fungulia. Chukua, chukulia. Ondoa, ondolea. Ingia, ingilia. Ile l inapojitokeza katikati, ujue hapakuwa na w wala y. Ndivyo unavyowatenganisha pia kua na kuwa: tunasema "amekulia Wete", basi mtoto anakua, bila w. Kuwa mgonjwa, kuwa mwalimu, hilo ni jingine na lina w yake.

Vionyeshi havina kipimo chepesi namna hiyo. Hiyo ina y, huo haina w, huyo ina y, hao haina kitu. Hivi vifundishwe kwa jicho, kimoja kwa wiki, na vikae ukutani muhula mzima. Aliye, walio na iliyo viacheni mpaka darasa la nne. Ukivileta mapema unavuruga hata vile walivyovijua.

Mualimu, muezi. M ya mtu au ya mti ikikutana na a, e au i hugeuka mw: mwalimu, mwezi, mwiko. Kwa maneno kama muhogo au mhogo msibishane darasani, fungueni Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na mfuate lilivyoandika. Shauri walimu wa skuli moja wafuate kamusi moja. Mtoto akihama darasa asikute tahajia nyingine.

Dh, th na gh kwetu zina wepesi wake, kwa kuwa watoto wengi wanasoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na masikio yao yamezoea. Ziunganishe na wanachokijua: th ni ile thee, gh ni ile ghaini. Lakini kuna mtego. Chuoni wana dhali, dhadi na dhaa, herufi tatu tofauti. Kwenye Kiswahili zote zinaandikwa dh: dhahabu, Ramadhani, adhuhuri. Waambie hivyo waziwazi, wasitafute herufi ya ziada. Na mtoto anayeandika "khabari" au "khamsini" ameandika kama anavyoisikia nyumbani. Kamusini utakuta habari na hamsini. Jina lake mwenyewe, kama ni Khamis, linabaki na kh yake.

Chuoni pia mstari huanzia kulia. Anayeanza kuandika upande wa kulia wa daftari mwekee nukta nyekundu kushoto kwa kila mstari kwa wiki chache. Wengi hawahitaji hata hiyo.

Kuunganisha na kukata maneno ndiko kunakodumu mpaka madarasa ya juu: kwasababu, kwahiyo, namimi, kwa upande mmoja, ana kula, hawa jui, kwa upande mwingine. Kwa wadogo kipimo ni kubadilisha jirani. "Kwa" inakubali majirani wengi: kwa mama, kwa nguvu, kwa sababu, basi inakaa peke yake. "Hawa" ya hawajui haisimami bila kitenzi chake, labda uwe unawaonesha watu kwa kidole. Waache watoto wapange kadi mezani na watie vidole viwili kila penye nafasi. Kwenye daftari watumie kidole kimoja kidogo.

Ratiba ya wiki

Jumatatu fundisha maneno matatu, Jumanne matatu yaliyobaki. Jumatano ni ya vichwa na mashina: watoto wawili wawili, pakiti ndogo ya kadi za sentimita 10 kwa 4, wanaunganisha na kusomeana. Alhamisi imla ya sentensi tatu. Ijumaa, ambayo vipindi huwa vichache kwa ajili ya sala, ni marudio tu.

Kwa marudio weka makopo matatu. Kadi mpya zinakaa kopo la kwanza na kusomwa kila siku. Neno lililosomwa na darasa bila kusita siku tatu mfululizo linahamia kopo la pili, linalofunguliwa Jumatano na Ijumaa. Likipita huko wiki mbili linakwenda la tatu, la mara moja kwa mwezi. Likikosewa popote, linarudi la kwanza. Darasa likisoma kwa pamoja, sauti ya watoto watano wenye nguvu hufunika kimya cha kumi wengine, kwa hiyo kila siku wataje kwa majina watoto wanane wasome peke yao, na weka alama ya nani keshasoma.

Baada ya wiki sita rudia kile kipimo cha maneno 20. Nukta zikigeuka vema, ongeza mwendo. Nukta zikibaki nukta, punguza maneno ya wiki yawe manne na uongeze siku za kopo la kwanza.

Mtoto asiyesogea kabisa, wakati silabi anazijua, mchunguze macho na masikio kabla ya akili. Mketishe benchi la mbele wiki moja, umpime. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Akisoma vizuri akiwa mbele na kushindwa akiwa nyuma, ongea na mzazi ampeleke hospitali akapimwe macho. Huyo kadi hazikumkosea.